Kalamu Nyekundu ya Bwana Nukta

Uwanjani walimwita Bwana Nukta, na wengi hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kuchapa majina ya wanariadha: kwenye orodha za mashindano, kwenye ubao wa matokeo, kwenye karatasi ya mtangazaji na kwenye vyeti. Alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili katika chumba kilicho chini ya jukwaa kuu, mahali ambapo watazamaji wakishangilia, chokaa ya dari huangukia kibodi. Alikuwa na brashi maalumu ya kuifagia ile chokaa. Ole wako uiguse.

Wewe unaweza kudhani kuchapa jina ni kubonyeza tu. Haya, kaa na dhana yako. Duniani kuna herufi zenye kofia, kuna zenye mkia, kuna zenye nukta mbili kichwani, kuna zenye kistari kilichopita tumboni kama mshipi. Kibodi ya kawaida haina hata moja. Nukta alizitoa zote kwa kubonyeza namba, na namba zenyewe alikuwa nazo kichwani. Mkewe alisema mume huyu husahau siku za kuzaliwa za watoto wake wa kuwazaa mwenyewe, lakini ukimwamsha usingizini atakutajia namba ya n yenye kiwimbi. Ni kweli. Ni mia moja sitini na nne.

Utaratibu wake haukuwa na msalie Mtume. Mwanariadha mgeni akifika, anapewa kadi, anaandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, na alama zake zote. Nukta anachapa. Kisha anampelekea nakala mwenyewe alikokaa, hata kama anapaka dawa mapajani, anamwambia asome na atie sahihi. "Jina ni mali ya mwenyewe," alizoea kusema. "Mimi ni karani wake tu." Mwaka mmoja alichelewesha fainali ya kuruka viunzi dakika nne nzima kwa sababu c ya mkimbiaji mmoja ilikosa mkia. Mwamuzi mkuu alimtukana mbele ya watu. Baadaye yule mkimbiaji alikuja akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na Nukta alikula chakula cha mchana siku hiyo huku akipiga mluzi, jambo ambalo si rahisi kulifanya.

Wanariadha wa nyumbani hawakusumbuliwa hivyo. Walijaza kadi mara moja tu, siku ya kuandikishwa, na baada ya hapo walitia sahihi pale walipoonyeshwa kidole. "Wa nyumbani nawajua," alisema Nukta.

Sasa, mwaka huo ilimjia barua. Shirikisho la bara zima lilikuwa na mashindano makubwa, nchi hamsini na zaidi, na lilimwalika yeye, Bwana Nukta wa chumba cha chini ya jukwaa, akawe msimamizi mkuu wa majina. Barua ilisema amechaguliwa kwa sababu katika kumbukumbu zake hawajawahi kuona kosa. Aliisoma mpaka mikunjo yake ikaanza kukatika. Mtaa mzima ulijua. Mkewe alimnunulia sanduku la magurudumu, na jioni Nukta alikuwa akilivuta kutoka sebuleni hadi jikoni, kulizoea.

Jumatatu asubuhi, siku kumi na tatu kabla ya safari, Mkuki alibisha hodi.

Huyu Mkuki alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu, mrefu, mwenye mabega ya kubeba magunia. Alirusha mkuki mita hamsini na sita, lakini alizungumza kama mtu aliye chumbani kwa mgonjwa. Mkononi alikuwa na bahasha na pasipoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Angalia usikanyage waya."

"Kuna tatizo dogo. Si dogo sana." Akamkabidhi bahasha. "Labda kosa ni langu."

Nukta akaisoma barua iliyokuwa ndani ya bahasha. Chuo kimoja cha michezo cha ng'ambo kilimpa Mkuki nafasi ya masomo, miaka minne, na chakula, na malazi, na kocha. Lakini walikuwa wametafuta matokeo yake kwa jina lililo kwenye pasipoti, na hawakuona hata mrusho mmoja. Waliona binti mwingine mwenye jina linalokaribiana na hilo, mrushaji hodari sana, ila si yeye. Walitaka uthibitisho wa maandishi kutoka chama cha riadha mpaka Ijumaa. Usipofika, nafasi inakwenda kwa anayefuata.

"Wageni hawa," alisema Nukta kwa huruma. "Majina yetu yanawashinda. Hebu lete hiyo pasipoti."

Akavaa miwani. Akasoma. Akatoa miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Aa! Nimeona. Uhamiaji ndio waliokukosea. Wamekupachika h katikati ya jina la pili. Hii h haina kazi hapa, imekaa tu. Loo! Watu wana ofisi, wana mihuri, wana viti vya kuzunguka, na kuandika hawajui!"

Mkuki akatazama viatu vyake. "Ndiyo, baba," alisema.

"Unaona sasa? Herufi moja tu, mtoto wa watu anakosa maisha. Mimi nikisema hapa huambiwa nina wazimu. Usiogope. Nitawatolea kadi yako ya kwanza, uliyoiandika kwa mkono wako, tuwaumbue."

Akafungua kabati la chuma. Kadi ilipatikana kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, maana Nukta hakuwa mtu wa kupoteza kadi. Akaiweka mezani chini ya taa.

Jina lilikuwa limeandikwa kwa wino wa buluu, mwandiko wa shuleni, herufi kubwa zilizonyooka. H ilikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja safi. Juu yake jina limeandikwa upya bila h, kwa mwandiko mzuri ambao uwanja mzima uliujua, na pembeni neno moja: *Limesahihishwa*. Chini ya neno hilo sahihi ya Bwana Nukta, na tarehe.

Huko juu mtu alikuwa akifagia jukwaa. Walimsikia akifika mwisho wa safu na kuanza nyingine.

Nukta aliikumbuka siku ile. Watoto sitini kwenye foleni, jua kali, na yeye ana kadi na haraka. Alikuwa amemwambia huyu binti, wakati huo ana miaka kumi na saba, "Mwanangu, yaani hata jina lako hujui kuliandika?" Foleni nzima ilicheka. Binti naye alicheka. Nukta alidhani amecheka kwa sababu ni jambo la kuchekesha.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Ningesemaje, baba? Mwenye kujua majina ni wewe."

"Miaka sita! Na kila shindano ulitia sahihi!"

"Nilitia pale uliponionyesha."

Nukta akakaa. Kuna methali ya nyani na sehemu yake ya nyuma ambayo watu wenye adabu huitaja nusu, na mimi nitaitaja nusu.

"Na vyeti?" aliuliza. "Nyumbani wanasemaje?"

"Jina ni la bibi, mama yake baba. Ndiye aliyenipa. Vyeti anavisoma mwenyewe." Mkuki alisitasita. "Kila nikimletea kimoja huniambia, huyu mwenzako naye ana bidii, mpe hongera zangu. Halafu huuliza mimi nitapata changu lini."

Aliyasema haya bila kulalamika, na hapo ndipo Nukta alipoona aibu inampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Angetukanwa angejitetea. Kutukanwa alikuzoea.

"Rudi Alhamisi," alisema. "Ijumaa barua itakuwa imefika."

"Asante, baba."

"Usinishukuru!" alifoka, na binti wa watu akatoka kinyumenyume, akakanyaga waya.

Barua ya chama haitoki bila muhuri wa Katibu, na Katibu alikaa ghorofa ya pili pamoja na kiyoyozi kinachovuja kwenye ndoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa barua itoke ofisini kwake ikiwa inaweza kurudi na maswali. Jumanne hakuwepo. Jumatano alimsikiliza Nukta mpaka mwisho, akaiangalia kadi, akairudisha kwa ncha ya kidole.

"Andika mwanariadha alibadili jina."

"Hajabadili."

"Andika tu. Watu hubadili majina. Huolewa."

"Watataka hati ya mahakama, hana. Na watajiuliza alikuwa anakimbia nini mpaka akabadili jina. Wewe ungempa nafasi?"

Katibu akafikiri. Tone likaanguka kwenye ndoo. "Basi andika ni kosa la kompyuta. Kompyuta haijawahi kukataa lawama."

"Kosa la kompyuta huundiwa kamati," alisema Nukta. "Umewahi kuona kamati ya chama hiki ikimaliza kazi Ijumaa?"

Katibu hakuwahi kuona. Alikuwa mwenyekiti wa kamati tatu.

"Sikiliza, mzee mwenzangu," alisema, akishusha sauti. "Ukiandika kosa ni lako, nakala inakwenda shirikisho la bara, maana matokeo ya miaka sita lazima yarekebishwe. Ni hao hao waliokualika. Walikualika kwa sababu hukosei. Wakisoma kwamba ulimkata mtoto wa nyumbani kwenu jina lake kwa kalamu, tena nyekundu, tena ukasaini, unadhani watakutumia tiketi?"

"Hawatatuma."

"Na sanduku je?"

Hata Katibu alijua habari za sanduku. Nukta alichukua kadi yake akashuka ngazi. Hakuwa ameamua. Nasema ukweli, maana wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba mzee alikuwa malaika tangu ghorofa ya pili. Akishuka zile ngazi alikuwa akijiambia kwamba binti bado ana umri, vyuo ni vingi, na mwaka ujao pia kuna Ijumaa.

Jioni hakuligusa sanduku. Mkewe, aliyekuwa akikunja mashati ya safari, alimtazama, akamuuliza kulikoni, na akaelezwa yote.

"Ulimwuliza yeye kwanza kabla ya kukata?" aliuliza mkewe.

"Sikumwuliza."

"Mgeni mwenye kofia kwenye herufi unamwuliza, hata akiwa bafuni."

"Mgeni simjui jina lake."

"Na huyu ulimjua?"

Nukta akalitazama sanduku.

"Nikiandika, siendi," alisema. "Miaka ishirini na miwili, mke wangu. Chokaa kichwani. Hakuna mtu aliyewahi kuniita popote."

Mkewe akaliweka chini shati alilokuwa akilikunja. Hakumcheka, ingawa ni mwanamke wa kucheka. "Najua," alisema. "Ningependa sana uende. Nimemwambia kila mtu. Nimemwambia hadi yule muuza mkaa ambaye hatusalimiani." Akavuta pumzi. "Lakini ukienda, mtoto huyo atakuwa amekununulia tiketi, na yeye hana habari."

Baadaye mkewe aliyatoa mashati sandukuni, moja moja, akayarudisha kabatini. Nukta alimwona na hakumzuia.

Alhamisi saa nne Mkuki alirudi. Barua ilikuwa tayari kwenye skrini, mistari kumi na miwili. Ilisema kwamba mrushaji anayeonekana kwenye matokeo ya miaka sita na mwenye pasipoti hii ni mtu mmoja. Ilisema kwamba aliliandika jina lake sawasawa tangu siku ya kwanza, na kwamba aliyelikata ni mchapaji wa chama, bila kumwuliza, kwa kiburi. Nukta alikuwa ameandika "kwa bahati mbaya", akafuta. Akaandika "kwa haraka", akafuta. Mahali palipopaswa kuwa na jina la binti alikuwa ameacha nafasi tupu.

"Kaa hapa," alisema, akinyanyuka kwenye kiti chake.

Hakuna aliyewahi kukikalia kiti kile. Mkuki alikitazama.

"Baba, chapa tu wewe. Mimi nitasoma."

"Ukisoma utasema ndiyo, baba."

Binti akafungua mdomo, akaufunga. Lilikuwa ndilo neno alilotaka kusema.

Akakaa. Akachapa jina lake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, na Nukta akasimama nyuma yake, mikono kaifungia mgongoni. Ilipofika h, kidole kilisimama juu ya kibodi.

"Endelea," alisema Nukta.

Akaibonyeza. Na nikwambie jambo ambalo Nukta mwenyewe alimwambia mkewe baadaye: hata wakati ule, hata baada ya yote, jicho lake liliiona ile h na kusema ni kosa. Miaka ishirini na miwili, na jicho lilikuwa linamdanganya, na huenda lilikuwa likimdanganya siku zote. Akajiuliza ni kadi ngapi nyingine zimo ndani ya lile kabati.

"Sasa soma yote," alisema, "toka juu. Ukiona kosa, sema."

Mkuki akasoma, midomo ikicheza. Alifika chini. Akarudi katikati. Akasoma tena polepole mpaka taa ya skrini ikapungua, ikabidi Nukta asogeze kipanya.

"Baba," alisema, kwa sauti isiyo ya chumba cha mgonjwa. "Hapa umekosea."

"Wapi?"

"Umeandika mrusho wangu bora ni hamsini na tano na nusu. Ni hamsini na sita na sentimita kumi. Ule wa hamsini na tano ni wa mwaka juzi."

Nukta akainama. Akakagua daftari. Alikuwa amekosea kweli.

"Umekosea," alirudia Mkuki, safari hii akimtazama usoni, na machozi yakamtoka, na hakuyafuta. "Na siku ile ulikosea. Wote walinicheka."

"Nilikosea," alisema Nukta. "Nisamehe, mwanangu."

Mkuki hakusema "nimekusamehe", na Nukta hakumdai. Binti alisahihisha namba mwenyewe, kwa kidole chake kimoja. Barua ikachapwa, ikatiwa sahihi, Katibu akaipiga muhuri huku akitikisa kichwa, na ikatumwa kabla ya saa sita.

Jibu la chuo lilifika Jumatatu: nafasi ni yake. Jibu la shirikisho la bara lilifika Jumanne. Lilikuwa la heshima sana, lilimshukuru Bwana Nukta kwa uwazi wake, na likamjulisha kuwa msimamizi mwingine amepatikana. Mkuki aliondoka baada ya wiki tatu, na sanduku aliloondoka nalo lilikuwa la magurudumu. Mkewe Nukta ndiye aliyempelekea. Alisema nyumbani halina kazi, limekaa tu, na Nukta akamwangalia, na mkewe akaendelea kunywa chai.

Wenzake walipokuwa huko kwenye mashindano ya bara, Nukta alisimamia michuano ya mtaa. Alitoa meza nje, akaweka boksi la kadi mpya, akatangaza kwamba kila mtu ataandika jina lake upya, hata awe ameandikishwa miaka kumi iliyopita. Foleni ikazunguka uwanja. Watu walinung'unika. Mtangazaji alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Wa kwanza alikuwa mrusha tufe mmoja, mama wa watoto wawili, jirani yake wa ukuta mmoja.

"Mzee, na mimi?" alisema. "Jana tu umekopa chumvi kwangu. Jina langu si unalijua?"

"Wewe nakujua. Jina lako silijui. Andika."

Yule mama akacheka, akachukua kalamu, akaandika, akamrudishia kadi. Nukta akaisoma. Akaona kabisa kwamba kuna a moja imezidi. Mkono wake wa kulia ukaanza kunyanyuka wenyewe. Akaushusha, akaukalia.

"Ndivyo?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Anayefuata," alisema Nukta.